Nani Atalitamka Neno Hili Leo Usiku?

Kila mchezo wa nyimbo wa zamani unaporudishwa jukwaani, sisi waandishi wa kurasa za sanaa huwa tuna swali letu la akiba: je, bado una maana kwa watu wa leo? Nimeliuliza mara nyingi. Ni swali rahisi, na kila unayemhoji ana jibu lake tayari. Mapenzi hayazeeki, dhuluma haizeeki, muziki mzuri hauzeeki. Unaandika, unamtumia mhariri, unaenda kulala.

Siku hizi swali hilo linanikera. Linachukulia kwamba mchezo ni kitu kilichokaa mahali, kama kabati la bibi, na sisi kazi yetu ni kuamua kama litaingia kwenye nyumba mpya. Riwaya labda iko hivyo. Riwaya ya mwaka 1926 ikiwa na tusi ndani yake, tusi hilo limelala kwenye ukurasa, na mimi naweza kulipita kwa macho, nikakunja uso, nikaendelea kusoma. Mchezo wa nyimbo hauna mahali pa kulala. Ili uwepo, lazima mtu aliye hai, mwenye mama yake na nauli yake ya kurudi nyumbani, asimame leo usiku mbele ya watu, afungue kinywa na kutamka. Neno ni la zamani, kinywa si cha zamani. Kwa hiyo mimi kinachonishughulisha si kama mchezo bado unatufaa. Nataka kujua tunamwomba nani aseme nini, na kama tunampa nafasi ya kujibu.

Chukua Show Boat. Ulifunguliwa New York tarehe 27 Disemba 1927 katika ukumbi wa Ziegfeld, muziki ukiwa wa Jerome Kern, maneno ya Oscar Hammerstein II, na hadithi ikitoka kwenye riwaya ya Edna Ferber iliyokuwa imechapishwa mwaka mmoja kabla. Tunafuata watu wa meli ya maigizo inayopita mji hadi mji kwenye mto Mississippi, kuanzia miaka ya 1880 hadi siku za watazamaji wenyewe. Kabla ya hapo, michezo mingi ya Broadway ilikuwa wasichana warembo, vichekesho, na nyimbo ambazo ungeweza kuzihamishia kwenye mchezo mwingine bila mtu kugundua. Hapa pazia linafunguka na wa kwanza kuimba ni makuli weusi wanaobeba marobota ya pamba. Na neno lao la kwanza kabisa, neno linalofungua mchezo mzima, ni lile tusi linaloanza na herufi N. Wanajiita wao wenyewe kwa tusi hilo, kwa maneno waliyoandikiwa na mzungu.

Sasa usikimbilie kuufungia mchezo huu kabatini, maana ndani yake kuna tukio ambalo sijui mfano wake katika Broadway ya zama hizo. Julie, nyota wa meli, anaishi kama mzungu na ameolewa na mzungu, Steve. Mapema tu anaimba wimbo wa mapenzi. Queenie, mpishi mweusi, anashangaa: amejuaje wimbo huo, ilhali yeye Queenie hajawahi kuusikia ila kwa weusi wenzake? Ni dakika moja tu, inapita kama mzaha. Baadaye sherifu anapanda melini kwa sababu mtu amechongea kwamba Julie ana damu nyeusi, na ndoa ya aina hiyo katika jimbo la Mississippi ni jinai. Kabla hajafika, Steve anachomoa kisu, anamkata mkewe mkononi na kuifyonza damu yake, ili aweze kuapa mbele ya sheria kwamba naye ana damu nyeusi mwilini. Hapo sherifu anakwama. Lakini meli haiwataki tena, na wawili hao wanafungasha virago.

Wimbo ndio uliomfichua Julie kwetu kabla sherifu hajafika. Kila nikifikiria hilo nasisimka, kwani ni mchezo wa nyimbo unaosema waziwazi kwamba wimbo si pambo, wimbo ni ushahidi. Na sheria yenyewe haikuwa ya kubuni. Usiku ule wa 1927 ilikuwa sheria hai katika majimbo mengi ya Marekani, na Mahakama Kuu ya nchi hiyo haikuzifuta sheria hizo hadi 1967, karibu miaka 40 baadaye. Kwa upande mwingine, jukwaani usiku huohuo, Queenie aliigizwa na Tess Gardella, mwanamke mzungu aliyepakwa rangi nyeusi usoni. Yaani mchezo uliokuwa ukiuliza nani ana haki ya kuitwa nani ulikuwa umempa mzungu mweusi wa kupaka. Mambo hayo mawili yamo ndani yake pamoja, na mtu akikusimulia moja tu, amekuficha nusu.

Joe, mume wa Queenie, ni kuli. Ana wimbo mmoja mkubwa, Ol' Man River, nao unarudi tena na tena. Miaka inapita, wazungu wanaoana na kuachana, Joe yuko palepale na mto uko palepale. Nafasi hiyo iliandikwa huku Paul Robeson akifikiriwa, ila hakupatikana, ikachukuliwa na Jules Bledsoe. Robeson aliipata London mwaka 1928, akairudia New York 1932, halafu akaicheza katika filamu ya 1936. Kufikia hapo dunia nzima ilimjua kwa wimbo huo. Angeweza kuuimba vilevile hadi kufa kwake, akala vizuri.

Hakufanya hivyo. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1930, kwenye matamasha yake, alianza kuyabadilisha maneno. Joe wa Hammerstein anautazama mto usiojali lolote na kutamani kuwa kama huo mto. Robeson akasema hatamani. Pale ambapo mtu mweusi analewa na kutupwa jela, Robeson akaweka mtu anayeonyesha ujasiri kidogo na kutupwa jela. Na mwisho, uliokuwa uchovu wa mtu asiye na pa kwenda, ukawa kiapo cha kupigana hadi pumzi iishe. Hakugusa noti hata moja. Nikisikiliza zile rekodi mbili moja baada ya nyingine, ya filamu na ya tamasha, huwa nahisi kwamba tuni ya Kern ilikuwa ikiyasubiri maneno hayo ya pili, maana pale mwishoni sauti inapanda ngazi hadi juu kabisa, na mtu aliyekata tamaa hapandi hivyo. Hayo ni maoni yangu. Wajuzi wa muziki watanisahihisha.

Hammerstein hakufurahi. Alitamka hadharani kwamba yeye ndiye mwandishi na hakumpa mtu yeyote ruhusa ya kubadilisha maneno yake; Robeson akitaka, aandike nyimbo zake. Ni rahisi kumcheka leo, lakini hakuwa mtu mbaya, wala hoja yake si ya kipuuzi. Mwaka 1949 mchezo wake South Pacific ulikuwa na wimbo unaosema kwamba chuki ya rangi hufundishwa, mtoto hazaliwi nayo, na wimbo huo ulimletea ghadhabu za wanasiasa wa kusini. Na sisi tunaoandika tunajua uchungu wa kukuta sentensi yako imebadilishwa na mtu ambaye hakukuuliza. Nimewahi kufungua gazeti asubuhi nikakuta jina langu juu ya maneno ambayo nisingeyasema hata nikiwa na homa. Nilikasirika wiki nzima.

Isipokuwa Hammerstein huyuhuyu, mwaka 1943, alichukua Carmen, opera ya Bizet ya 1875, akabakiza muziki, akatupa maneno, akaihamishia kwa Wamarekani weusi na kuiita Carmen Jones. Bizet alikuwa kaburini, hakuulizwa. Kwa hiyo haki ya kubadilisha Hammerstein aliijua vizuri sana. Alichokikataa ni nani aitumie. Mwandishi anapobadilisha cha mwenzake aliyekufa, tunaita sanaa. Mwimbaji anapobadilisha kile anachotakiwa kukisema kwa kinywa chake kuhusu watu wake, tunaita utovu wa adabu.

Msomaji wa Nairobi au Dodoma ana haki ya kuniuliza Mississippi inatuhusu nini. Robeson mwenyewe aliliunganisha jambo hilo nasi. Mwaka 1934, akiwa London, alijiandikisha kwenye chuo cha lugha za Mashariki na Afrika, na miongoni mwa alivyosoma ni Kiswahili. Alikuwa akitafuta asili yake kwa njia ya lugha. Wakati huohuo akaigiza katika filamu ya Sanders of the River, iliyotoka 1935, akidhani inaheshimu utamaduni wa Kiafrika. Ilipokamilika akakuta ni sifa tupu kwa mtawala wa kikoloni, akaikana. Miongoni mwa Waafrika waliokodiwa kujaza picha za filamu hiyo alikuwemo kijana Mkenya aliyekuwa akiishi London kwa tabu, Jomo Kenyatta. Naam, huyohuyo. Robeson alijifunza kwenye filamu ile maana ya kuazimisha sauti yako kwa hadithi ambayo huna usukani wake, na sidhani ni bahati tu kwamba miaka michache baadaye alianza kushika kalamu juu ya Ol' Man River.

Tofautisha hilo na usafishaji wa aina nyingine, ule wa kimyakimya. Lile tusi la mwanzo lilibadilishwa na wengine pia, tena mapema. Filamu ya 1936 iliweka neno laini kidogo ambalo nalo lilikuwa dharau. Onyesho la 1946 Broadway likaweka lingine la heshima zaidi. Na katika filamu moja ya 1946 kuhusu maisha ya Kern, neno la kuwataja weusi liliondoka kabisa. Wanaofanya kazi mtoni wakawa sisi sote. Filamu hiyo inamalizika na Frank Sinatra, suti nyeupe, mazingira meupe, akiimba wimbo wa kuli. Hapo hakuna anayetukanwa. Hapo pia hakuna kuli.

Mabadiliko ya namna hiyo yananitia wasiwasi kuliko tusi lenyewe, na najua ni jambo zito kulisema. Tusi lilikuwa linamwambia mtazamaji ukweli fulani mchafu kuhusu ukumbi aliokaa. Kulifuta kimya kunamwambia kwamba ukumbi ulikuwa safi siku zote.

Mfano wa karibu zaidi ni Carousel, kazi ya Rodgers na Hammerstein ya 1945. Billy anampiga mkewe Julie (Julie mwingine huyu). Anakufa, anarudi duniani kwa siku moja, anampiga kofi binti yake Louise. Binti anamuuliza mama kama inawezekana mtu akupige na usisikie maumivu, na mama anamjibu kwamba inawezekana, hata kofi likawa kama busu. Kisha muziki unakuja, muziki wa kukutoa machozi, na ukumbi mzima unalia. Onyesho la Broadway la 2018 liliyaondoa majibizano hayo. Naelewa. Nani anataka kumpa mwigizaji maneno hayo aseme mara nane kwa wiki? Lakini kofi liko palepale, msamaha uko palepale, na muziki ule mtamu bado unatuvuta tumwonee huruma Billy. Kilichoondoka ni sentensi moja ambayo ingetushtua tukauliza: kwani tunalilia nini hasa? Mama anayemfundisha binti yake kuvumilia kipigo si mgeni kwetu. Sote tumewahi kukaa jirani naye. Ningependa abaki jukwaani aseme, halafu mkurugenzi atafute namna ya kumfanya Louise asikubali. Hata kwa kimya. Hata kwa kuondoka.

Nililisema hili kwa rafiki yangu mmoja ambaye ni mwigizaji hapa Nairobi, nikidhani nimesema la maana. Akanitazama kwa jicho la huruma.

"Sikiza, ndugu yangu. Wewe unataka abaki aseme. Anayesema ni mimi. Watu watatoka pale wakisema umeandika vizuri, na mimi nitatoka nikiwa nimemwambia mtoto wa mtu kwamba kofi ni busu."

"Basi ungefanya nini?"

"Ningeulizwa kwanza. Hujawahi kuona mazoezi ya kikundi kidogo? Unapewa karatasi Jumatatu, Jumamosi tunaanza."

Sijapata jibu la kumpa, na sidhani lipo zuri kuliko lake. Kuulizwa kwanza. Hapo ndipo ninapokumbuka Kamĩrĩĩthũ, na simtaji Ngũgĩ kwa sababu eti Mkenya lazima amtaje. Ngaahika Ndeenda, mchezo aliouandika na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, uliojaa nyimbo na ngoma, uliandaliwa Limuru mwaka 1977 mbele ya wanakijiji. Mazoezi yalikuwa wazi. Wazee waliwasahihisha waandishi lugha, wengine wakaeleza wimbo fulani ulivyoimbwa hasa, wafanyakazi wakasema mambo ya kiwandani hayako hivyo. Wale waliotakiwa kusema ndio waliopima kama maneno yanasemeka. Serikali ilifuta kibali mwezi Novemba, baada ya wiki chache, na kabla ya mwaka kuisha Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa amekamatwa. Mwaka 1982 wakajaribu tena na Maitũ Njugĩra, mchezo wa nyimbo kabisa huo, nyimbo za lugha kadhaa za Kenya. Milango ya Ukumbi wa Taifa wa Michezo ikafungwa, watu wakawa wanafurika mazoezini Chuo Kikuu cha Nairobi hadi hayo nayo yakazuiwa, na jukwaa la Kamĩrĩĩthũ likabomolewa.

Ngaahika Ndeenda ulirudi Nairobi mwaka 2022, kwa Kiingereza na kwa Kikuyu, katika ukumbi uleule wa taifa. Magazeti yaliuliza swali letu la akiba. Kwangu mimi lililokuwa la ajabu ni kwamba maneno yaliyosahihishwa na wafanyakazi wa Limuru sasa yalikuwa maandishi matakatifu, hakuna aliyetarajiwa kuyagusa. Kiwanda kimebadilika, mshahara umebadilika jina, mwajiri siku hizi ana programu kwenye simu. Kijana aliyeketi nyuma yangu angekuwa na mengi ya kusahihisha, kama angeulizwa.

Mwaka 1993 Show Boat ulirudishwa kwa kishindo huko Toronto, chini ya Harold Prince, kabla ya kuhamia Broadway mwaka uliofuata. Kanada iliwaka. Watu weusi waliandamana nje ya ukumbi, na mwandishi M. NourbeSe Philip, mzaliwa wa Tobago, akatoa kitabu kizima cha kupinga, Showing Grit, jina linalorudisha masikioni neno moja ambalo Robeson aliliingiza. Prince alikuwa ameufanyia mchezo kazi kubwa. Aliwaweka weusi mbele ya macho yetu muda wote, wakihamisha mizigo na kubadilisha jukwaa, ili tuone jasho la nani linaisukuma hadithi hii. Ulishinda tuzo ya Tony. Waliobaki nje hawakushawishika, kwani kwao hata jasho likionekana, hadithi bado ilikuwa ya wale wasiotoka jasho. Nikiisoma mabishano yale naona pande zote mbili zilikuwa zikifanya kazi iliyouweka mchezo hai: mmoja ndani ya ukumbi, mwingine barabarani. Anayesema mchezo huo umekufa hakuwepo kwenye baridi ile na bango mkononi. Mimi pia sikuwepo, ila baridi ya Toronto nimeisikia.

Sisemi kila mtu abadilishe kila kitu. Robeson alibadilisha akiwa na jina lake mbele ya watu, kila mtu akijua maneno ya zamani yalikuwa yapi, na hakufaidika. Kwa msimamo wake wa kisiasa alinyang'anywa pasipoti mwaka 1950, hakurudishiwa hadi 1958. Mei 1952 alisimama juu ya lori mpakani, upande wa Marekani, akawaimbia maelfu waliokusanyika hadi ng'ambo, upande wa Kanada, ambako hakuruhusiwa kukanyaga. Lakini si kila mwimbaji ni Robeson. Wengi wako safu ya nyuma, hawana jina kwenye bango, kodi ya nyumba inasubiri.

Mwaka 1988 kampuni ya EMI ilitoa rekodi ya Show Boat nzima iliyofanyiwa mjini London, kondakta John McGlinn akitaka kila kitu kiwe kama 1927, pamoja na lile neno la kwanza. Nia yake ilikuwa ya mtafiti. Hakutaka historia ipakwe poda. Wanakwaya weusi waliokuwa wameajiriwa walikataa kuliimba, wakajitoa, na kwaya nyingine ikaingia. Willard White, aliyekuwa aimbe Joe, naye akajitoa. Bruce Hubbard, mwimbaji mweusi pia, alikubali, akaimba vizuri mno, na sioni nani ana mamlaka ya kumhukumu. Rekodi ipo, diski tatu, na ni bora kuliko zote nilizosikia. Huwa naiweka nikiandika usiku. Inaanza, kwaya inaingia na lile neno, safi kabisa, kila herufi mahali pake, na kila mara najikuta nimeacha kuandika, nikizisikiliza sauti ambazo hazimo.